Sigara ya Sefu

Mlinzi mwenye fulana ya njano aliwapita vijana waliokuwa wakivuta sigara waziwazi kwenye ngazi za jukwaa, akaja moja kwa moja mstari wa kwanza, kwa Shaweji.

"Mzee wangu, vua kofia."

Shaweji alishtuka. Sigara ilikuwa moja tu, na hakuna aliyejua alipoificha isipokuwa Makame, rafiki yake tangu ujanani. Kila mechi Shaweji aliwasha moja kama hiyo bila kuivuta, akaiweka ukingoni mwa kiti kitupu kilichokuwa kati yao, alipozoea kukaa marehemu kaka yake, Sefu. Ikishaungua yote, ndipo alipoweza kutazama mpira.

Akaivua kofia. Mlinzi akaichukua sigara, akaivunja.

"Twende nje. Na msimu huu wote huingii tena."

"Na wale kwenye ngazi?"

"Wale hakuna aliyekuja kuwasema kwetu."

Shaweji akamgeukia Makame. "Ni wewe?"

"Sefu tumemzika kwa sababu ya hiyo hiyo sigara," Makame alisema, macho yake yakiwa uwanjani. "Nimechoka kuinusa."

"Si ungeniambia."

"Ungesikia?"

Shaweji alivaa kofia yake, akainuka. Alitembea kando ya uzio, mlinzi nyuma yake. Alikuwa amefika getini goli lilipoingia, na jukwaa zima likasimama kwa kelele. Akageuka. Kule mstari wa kwanza, Makame peke yake alikuwa bado ameketi, viganja vimefunika uso, na mtu asiyemjua alikuwa akimpigapiga mgongoni kwa furaha.