Bendi ya Mtu Mmoja

"Gwakisa, fungua mlango," mama mwenye nyumba aliita kutoka uani. "Tunamtafuta mtoto aliyepotea tangu asubuhi. Tumesikia mtu anapiga mayowe humo ndani."

Gwakisa alijitazama kwenye kioo. Uso ulikuwa mweupe kwa unga wa sembe na mafuta ya kujipaka, na kuzunguka macho alikuwa amepaka masizi ya sufuria. Ndivyo alivyojipaka kila aliporekodi black metal, muziki wa magitaa makali na mayowe, ambao aliupiga peke yake chumbani kwake Mbalizi.

Ndoo ya maji ilikuwa nje. Alijifuta kwa shuka, masizi yakasambaa hadi shingoni.

"Naja, mama. Ni mimi tu, narekodi muziki."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Kwenye kompyuta wimbo ulikuwa bado unacheza, umefika kwenye gitaa la taratibu. Alikumbuka kinachofuata, akairukia.

Hakuwahi. Mayowe yake matatu, aliyoyarekodi moja juu ya jingine, yalilipuka kwenye spika.

Nje, mwanamume mmoja akasema polepole, "Wako wengi humo. Lete shoka."