Kupima Moshi Lushoto

Gari lililoundwa nyumbani halipewi namba mpaka mke au mume wa aliyeliunda aketi ndani ya chumba cha kioo, avute moshi wa gari hilo hadi kengele ilie. Injini ikibadilishwa, anaketi tena.

Mimi nilibadilisha. Nilifunga injini kuukuu ya kabureta, nikairekebisha kwa kusikiliza mlio wake uani kwetu Tanga, mpaka ikatulia. Lakini kituo cha kupimia kiko Lushoto, na tulipokuwa tunapanda milima niliona moshi mweusi ukitufuata. Hewa ya milimani ni nyepesi, na kabureta huchanganya petroli na hewa kwa kipimo kile kile, kwa hiyo petroli ilikuwa inazidi. Somo hilo nililifaulu vizuri shule ya usiku, nikalisahau.

"Mama Kiondo, toka humo," nilimwambia mke wangu kituoni, alipokwisha kuketi ndani ya chumba cha kioo. "Turudi nyumbani."

Alicheka, akafunga mlango kwa ndani. "Mzee mzima unaogopa kazi ya mikono yako? Washa bwana, watu wanatutazama!"

"Moshi una sumu! Fungua!"

"Hata wa jikoni kwangu una sumu, na hujawahi kuniambia nitoke."

Mkaguzi alichoka kusubiri, akapitisha mkono kwenye dirisha la gari, akawasha injini. Kioo kilianza kuwa cheusi kuanzia chini. Kwa juu bado niliuona mkono wa mke wangu ukinipungia.