Hatua Thelathini

Ndege ndogo ya kuchezea ya Nasoro ilikuwa imeanguka mara mbili kwenye uwanja wa mpira asubuhi ile. Kila mota ilipowaka, mkia ulitetemeka wenyewe na haukuitii rimoti.

"Turudi nyumbani," alisema, akiegemea gongo lake. Tangu akatwe mguu, hakuwa amevuka geti lao hadi siku hiyo.

Mkewe Shamimu alichuchumaa, akafungua tumbo la ndege. "Mota ikizimwa, inatulia?"

"Inatulia."

"Basi mota ndiyo inayoisumbua. Tazama, waya wa antena umeufunga pamoja na nyaya zake."

"Nilitaka pawe nadhifu."

Shamimu aliuchomoa waya huo unaopokea ishara za rimoti, akaunyoosha hadi mkiani na kuubandika kwa utepe. Kisha akaishika ndege kwa nguvu. "Washa mota, halafu nenda hatua thelathini, tuone kama itakusikia ukiwa mbali."

Nasoro alilitazama gongo, akawasha mota, akatundika rimoti shingoni, akaanza kwenda. Shamimu alihesabu kimoyomoyo. Thelathini zilipotimia hakumwita. Nasoro alikuwa amelipita goli, bado anakwenda, na kila aliposimama kugusa rimoti, mkia wa ndege uligeuka taratibu mikononi mwa mkewe.