Kona Iliyokwanguliwa

Mhariri wa kamusi alibisha hodi mara mbili, kisha akarudi nyuma hatua moja, akitumaini kwamba hakuna mtu. Mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na jua. Karibu ndani."

Mjane wa Mzee, aliyekuwa mwenzake ofisini, alimwonyesha kiti. Mhariri aliketi ukingoni, mkono juu ya mfuko wa shati. Mfukoni mlikuwa na kadi moja, kona yake imekwanguliwa kwa wembe. Kadi hiyo ilikuwa imemnyima raha kwa miaka tisa.

Ofisini kwao kila neno la Kiingereza lilikuwa na kadi yake, na aliyelichambua aliweka herufi za mwanzo za jina lake konani. Bingwa alikuwa Mzee. Ukimpa neno gumu, hakuligusa pale pale. Alilitia mkobani akasema, "Hili naenda nalo nyumbani," na kesho yake lilirudi limechambuka. Wenzake walimtania kwamba maneno yake yanaivia jikoni.

Neno la mwisho alilorudisha kabla hajalazwa lilikuwa 'sorry'. Kadi ilikuwa ya kutia wivu: mwandiko mwembamba, kila 'a' na kijimkia kilichopinda juu, na herufi za Mzee konani kwa wino mwingine. Ilieleza jinsi neno lilivyozaliwa na neno la kale la maumivu, likageuka huzuni, likawa kuomba radhi, likashuka hadi kuitwa kitu duni. Ilieleza pia kwamba Mwingereza amelitwika neno hilo moja mzigo wa pole na wa samahani.

Mhariri alikwangua kona, akaweka herufi zake. Kadi hiyo ndiyo iliyomkalisha kwenye kiti cha ukuu. Mzee alipofariki, mhariri alimpa mjane mkono akasema pole. Pole husemwa hata na asiye na kosa, ndiyo maana ilimtoka kirahisi.

Leo haikutosha.

"Mama, mimi ni mwizi," alisema, akaitoa kadi. Alieleza yote bila kujitetea. "Samahani. Sistahili, lakini samahani."

 Mama aliipeleka kadi dirishani, akaisoma taratibu.

"Kwenye kitabu mliiondoa hii maana ya kitu duni," alisema. "Kwa nini?"

"Nafasi ilikuwa finyu, mama."

"Mngepunguza mifano."

Mhariri aliona aibu upya. Kumbe mjane aliisoma kazi ya marehemu neno kwa neno, na yeye ndiye aliyemnyang'anya hata kumbukumbu hiyo.

"Kesho toleo jipya linaingia mtamboni," alisema. "Nataka jina la mwenye kazi lichapwe. Wakinifukuza, wanifukuze. Niandikie hapa jina kamili, nisije nikakosea tena."

"La mwenye kadi hii?"

"Ndiyo, mama."

"Hata likikuletea maneno ofisini?"

"Nimeshaapa."

Mama aliitazama picha ya mumewe ukutani. Aliitazama kwa muda mrefu, midomo ikicheza kana kwamba wanabishana jambo la siku nyingi. Kisha akavuta kiti, akavaa miwani, akaomba kalamu.

Aliandika bila haraka. Alipomaliza aliikunja karatasi mara moja, akamkabidhi kwa mikono miwili, macho yamemjaa machozi.

"Alikuwa mume mwema," alisema. "Usimseme vibaya huko."

Mhariri hakuelewa. Aliifungua karatasi pale pale mlangoni. Kila 'a' ilikuwa na kijimkia kilichopinda juu, na jina lilikuwa la mwanamke.