Majani ya Kukata Hamu

Fundi saa alikunywa kikombe kizima cha majani machungu, akafuta mdomo, akatangaza kwamba ameshiba. Sufuria ya maharage ilikuwa haijafunuliwa bado.

"Si nilikwambia?" mkewe alishangilia. "Mitishamba haina mchezo!"

Mke alikuwa msusi, na ndiye aliyeleta majani hayo nyumbani, maana kitambi cha mumewe kilikuwa kimeanza kumtangulia mlangoni. Tangu jioni ya kwanza bwana yule hakugusa tena chakula cha usiku. Anakunywa, anashukuru, anasukuma sahani kando kwa adabu zote.

Saluni nzima ikapata habari. Hakusukwa mtu pale bila kusimuliwa majani, na wateja wakayanunua. Haukupita muda wakaanza kurudi wamenuna.

"Dada, mimi ndiyo kwanza nakula," alilalamika mwalimu mmoja, kichwa kimesukwa nusu. "Jana nimekunywa vikombe viwili, nikamaliza chakula changu, nikamalizia na cha watoto."

"Labda hukuyachemsha vizuri."

"Nimeyachemsha mpaka jirani akauliza napika nini. Kwani mumeo amepungua?"

Kitana kikasimama hewani. Mumewe hakuwa amepungua hata chembe. Tena, haki ya Mungu, alikuwa ameongezeka. Juzi tu alimkuta akitoboa tundu jipya kwenye mkanda.

"Basi mwenzangu," mwalimu akasema polepole, "mtu hawezi kulala njaa kila siku akanenepa. Yuko anayempikia."

Msusi alicheka kwa sauti kubwa. Mstari aliokuwa akiusuka ulienda kombo, ikabidi aufumue.

Jioni ile alimpigia mama yake simu huku analia. "Mama, mume wangu ana mwanamke!"

Mama alikohoa. "Nani amekwambia?"

"Tumbo lake."

"Tumbo! Muache mwenzio anywe majani yake, mwanangu. Mlale kwa amani."

Mama gani huyo? Msusi alikata simu kwa hasira. Tangu yuko shule alikabidhiwa jiko la nyumba ile, kwa kuwa mama alikuwa akirudi kutoka kazini amechoka. Amewapikia yeye na baba miaka na miaka, leo mama huyohuyo anashindwa hata kumwonea huruma!

Na alimpenda mumewe, usimwone anavyofoka. Alimpenda na kitambi chake, na ile miwani ya kutazamia vipuri vya saa anayoisahau usoni mpaka kitandani. Hakuwa tayari kunyang'anywa na mtu mwenye mwiko.

Kesho yake alifunga saluni mapema, akajibanza ng'ambo ya barabara. Fundi saa alifunga duka, lakini hakushika njia ya nyumbani. Alikata kulia, mwendo wa haraka, tena anapiga mluzi. Mluzi! Msusi alimfuata, viatu mkononi. Mumewe akabisha mlango ambao msusi aliufahamu vizuri mno.

Aliyefungua alikuwa baba yake mzazi, shati limembana tumboni. "Karibu, mkwe," mzee akasema. "Kinapoa."

Msusi alisubiri mlango ufungwe, akavaa viatu vyake. Kisha akaingia bila hodi. Mumewe alikuwa mezani, mdomo umejaa, na mama alikuwa akimwongezea mchuzi kwenye sahani. Fundi saa alimwona mkewe, akashindwa kumeza, akashindwa kutema.

"Kumbe ni ninyi!" msusi akaangua kilio. "Nimelia usiku kucha nikidhani naachwa, kumbe mnanificha! Kwa nini?"

Baba aliinamia sahani yake ghafla, kama mtu aliyeona nywele humo. Mama aliweka upawa chini, akavuta kiti, akamkalisha bintiye na kumpangusa machozi kwa kiganja.

"Huachwi, mwanangu. Huyu anakupenda. Asingekupenda, angekwambia zamani." Akamtazama mzee, akashusha pumzi. "Hata baba yako aliyanywa sana majani hayo, mpaka siku ulipoolewa."