Gome la Chemchemini

Gunia la mwisho la magome lilipomwagwa katika karakana yake ya vidonge vya nguvu, Mwanahawa aliona gome lenye msumari. Akazima mashine ya kusagia. Marehemu mama yake ndiye aliyeupigilia msumari ule kwenye mti wa chemchemini, ili wachota maji wapate pa kutundika kata.

"Shemeji Makame," alimwambia mkata magome wake, "si tulikubaliana mbandue upande mmoja tu, mti upate kupona?"

"Tulikubaliana. Kisha ukasema vidonge vimepata soko ng'ambo, tuongeze magunia. Miti ya mbali imekwisha, shemeji."

Mwanahawa alichukua lile gome, akashika njia ya chemchemini. Aliukuta mti umebanduliwa mzunguko mzima, unachuruzika utomvu, majani yangali mabichi juu. Kinamama waliokuwa wakichota maji walisogea kumtazama.

Akapaka udongo palipokuwa uchi, akalirudisha gome mahali pake, akalifunga kwa kanga yake ya mabegani.

"Litashika?" mmoja aliuliza.

"Sijui. Niongezeeni udongo."

Wakatua ndoo zao, wakainama kuchimba.