Sindano Isiyo na Mgonjwa

Sikudhani, muuguzi wa wodi ya wanawake, alisimama katikati ya vitanda akiwa ameshika sindano iliyojaa dawa, asikumbuke ni ya nani. Mama mmoja mgonjwa alipandisha mkono wa gauni lake, akamnyooshea mkono.

"Hii ni yako, mama?" Sikudhani akamuuliza.

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Wewe ndiye muuguzi."

Mkono ule ulibaki umenyooshwa, ukingoja. Sikudhani akageuka, akaenda mpaka mezani kwa Sista Perpetua, mkuu wa wodi, akaiweka sindano mbele yake.

"Nimeivuta dawa mwenyewe sasa hivi, lakini sijui nilikuwa nampelekea nani."

Alitegemea kufokewa. Sista Perpetua aliitumbukiza sindano kwenye boksi la taka.

"Tangu mwenzako ahamishwe unafanya kazi ya watu wawili, na mimi nikiona nanyamaza. Nenda nyumbani ukalale. Zamu zako nitazishika mimi."

"Unanifukuza, Sista?"

"Nakupumzisha. Uliposhindwa kukumbuka, hukumchoma mtu. Bado nakuhitaji."

Nje ya geti jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakienda zao sokoni. Sikudhani hakuelewa kama ameadhibiwa au ameokolewa. Alivua viatu, akakaa kwenye nyasi kando ya ukuta, akaanza kulia bila kujua analilia nini, huku jua likizipasha moto nyayo zake.